Ng'ombe wa Profesa Huguette

Hotuba ya Profesa Huguette ilimtoa Concilie machozi. Mgeni huyo, mwanasaikolojia kutoka Ubelgiji, aliuambia mkutano kwamba mnyama si mali wala zawadi. Concilie, msaidizi wa idara aliyekaa kando yake kumtafsiria Kirundi, alikubaliana naye kabisa.

Kisha mkuu wa idara, Profesa Gélase, akasimama kumshukuru mgeni kwa heshima kubwa kuliko zote anazozijua Mrundi: akampa ng'ombe. Picha ya ng'ombe huyo ikatokea ukutani kwa projekta.

Concilie alishtuka. Pembe moja imeinama, doa jeupe juu ya jicho. Bihogo! Ng'ombe aliyemkatia majani tangu akiwa ndama kule kwao Ruziba, ambaye mama yake Concilie alikuwa amemuuza kwa bwana mmoja wa mtaa wa Kiriri. Kumbe bwana huyo alikuwa Gélase.

Makofi yakavuma. Concilie akamnong'oneza mgeni kilichosemwa.

"Siwezi!" alisema Huguette, uso ukimwiva. "Si nimetoka kusema sasa hivi?"

Gélase alisikia. Tabasamu likamganda.

"Kama mugeni hamutaki, si neno," akasema. "Tutamuchinja, kesho tufunge mukutano na brosheti za nyama yake."

Watu wakacheka. Concilie, ambaye hata kuomba chumvi mezani humwia vigumu, akamvuta mgeni mkono wa koti.

"Madamu, ukimkataa ataliwa."

"Na nikimpokea, maneno yangu yatakuwa ya bure."

"Ndiyo," alijibu Concilie, asijue anamtetea nani. "Lakini hapa ukipewa ng'ombe unaweza kumpa mtu akutunzie. Maziwa yanakuwa yake, na hakuna wa kumchinja bila wewe kukubali."

"Kwa hiyo atakuwa wangu."

"Wako."

"Lakini hatakiwi kuwa wa mtu!"

"Ndiyo, Madamu."

Wakatazamana kama watu wawili waliopotea njia, kila mmoja akidhani mwenzake anaijua.

"Huyo mtunzaji ni nani?"

"Mimi."

Huguette akasimama, akashukuru kwa sauti ndogo. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Nje kwenye ngazi, Concilie alimpigia mama yake simu.

"Bihogo anarudi? Mutoto wangu, mi nilishamuuzisha!"

"Anarudi, mama. Tutamtunza tu."

"Sasa ni ng'ombe ya nani?"

Concilie alimfikiria Huguette, kisha Gélase, kisha lile doa juu ya jicho.

"Sijui, mama. We fungua zizi."