Paketi Yenye Haijaiva

Kwanza niseme hivi: kwa mambo ya kupakua programu, katika Bukavu hii hakuna mutu wa kunifundisha. Kama yuko, aje, nitamupatia kiti. Miaka kumi na moja nilikaa mbele ya ordinatere moja, kompyuta ya mezani, kwenye biro yetu ya afya pale Nguba, na kila Jumatatu asubui nilipakua paketi za programu yenye vituo vya afya vinatumia kule Mwenga na Shabunda. Muuguzi anaandika kilo za mutoto, programu inamuambia dawa ya malaria ni kiasi gani. Ni kitu kidogo. Lakini ikikosea, mwenye kuumia ni mutoto wa mutu.

Programu hiyo inatengenezwa na Cédric, kijana wa Bagira anayefanya kazi nyumbani kwake. Kila akitengeneza paketi mpya anaiweka kwenye depo, ni kusema fasi moja ndani ya mtandao yenye paketi zote zimepangwa kwa namba, mpya juu, za zamani chini. Mutu mwingine angefungua depo, achukue ya juu, aende kunywa chai. Mimi hapana. Mimi nilimupigia Cédric simu kwanza.

"Cédric, jambo. Watoto wameamka salama?"

"Salama, Papa Adalbert."

"Hii ya juu, niichukue?"

"Eh papa, usiiguse! Haijaiva. Chukua ya tatu kutoka juu."

Juu ya nini nisiiguse? Juu ya kuriya, umeme wa Bagira, wenye unaenda na kurudi kama unavyotaka. Mwaka mumoja umeme ulikatika, ordinatere ya Cédric ikafa na kazi ya wiki tatu ndani. Alilia, mwanaume muzima. Tangu siku ile, chochote anachogusa anakitupa mara moja ndani ya depo, kimeiva ao kibichi, kusudi kisipotee. Basi depo ikawa kama jiko la mama mwenye wageni: vyungu vyote viko juu ya moto, na ni yeye peke yake anajua gani imeiva. Jambo hilo halikuandikwa popote. Lilikuwa kichwani mwangu na mudomoni mwa Cédric, basi.

Mwezi wa kwanza tukapata chef mupya, Maman Emmanuella. Si mama mubaya. Anaongea polepole, hata akikasirika lazima umukaribie ndiyo usikie. Siku moja akasimama nyuma ya kiti changu, akaangalia vile nafanya.

"Papa Adalbert, kazi hii si mashini inaweza kuifanya yenyewe?"

"Inaweza, maman."

"Basi uiandikie skripti, maagizo yenye itafuata. Jumatatu ijayo nataka ianze."

Na kontra yangu ya kazi ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi uleule. Wenzangu pale biro walicheka: "Muzee, wamekupatia jembe uchimbe kaburi lako!" Nilicheka nao. Niko na miaka hamsini na saba. Nani anaajiri mutu wa miaka hamsini na saba katika muji huu? Niliogopa. Naandika wazi kabisa: niliogopa, na usiku sikumuambia Apolline, muke wangu, kitu chochote.

Nikaiandika ile skripti. Na nikiandika kitu, naandika vizuri, sijui kuandika ovyo. Saa kumi na mbili ya asubui inaamka, inafungua depo, inaangalia kama kuna paketi mpya. Kama iko, inaichukua. Rezo ya mtandao ikikatika, na ya kwetu inakatika, inangoja kisha inaendelea pale ilikomea, bila kuanza upya. Ikimaliza, inapima kama faili imefika nzima. Halafu inaitia kwenye flashi, tayari kwa safari ya vituo, kule kusiko na mtandao. Tabia zangu zote za miaka kumi na moja nilizitia mule ndani.

Isipokuwa moja. Nilipofika pale pa kutia lile swali la Jumatatu, kwamba paketi imeiva ao haijaiva, mikono ilisimama. Niliangalia ile fasi muda mrefu. Halafu nikapita, nikaandika mustari wenye kufuata.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Paketi mpya siku zote tunaijaribu wiki moja kwenye ordinatere ya kona, mbele ya kuituma. Skripti itachukua mbichi, itaharibika pale konani, hakuna mutu ataumia. Maman Emmanuella atakuja na sauti yake ndogo: "Papa Adalbert, njoo utusaidie." Na kontra itaandikwa upya. Nilijiambia si uongo, nimenyamaza tu.

Jumatatu ikafika. Skripti ikafanya kazi yake kama saa mupya, biro nzima wakapiga makofi, hata wale wa jembe. Walipotawanyika nilienda kwenye kona, nikafungua programu, nikaandika: mutoto, kilo sita. Ikanijibu dawa ya mutoto wa kilo kumi na tano. Cédric alikuwa amebadilisha nusu ya hesabu, nusu nyingine bado. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi, nikaenda kutafuta chai.

Niko na kikombe mukononi, Maman Emmanuella akapita.

"Papa Adalbert, aksanti sana. Willy ameisha kutoka na gari ya Mwenga, nimemupatia ile flashi amupelekee Fabiola."

"Flashi gani, maman?"

"Ya leo. Gari nyingine ni kisha wiki mbili, sikutaka Fabiola angoje. Na kazi yako tunaijua, haijakuwa na kasoro hata siku moja."

Chai ilinimwagikia kwenye viatu. Fabiola ni muuguzi mukubwa wa kituo kimoja mbele ya Mwenga, mama mwenye akili kali, lakini kwa vitu vyetu haulizi. Kikitoka kwa Papa Adalbert, anakitia kwenye mashini siku ileile, na kesho yake asubui anaanza kupima watoto nacho. Miaka kumi na moja nilimuzoeza vile mimi mwenyewe.

Nilimupigia. Hakuna rezo. Nikamupigia tena, hakuna. Nikamupigia Willy, dereva. Yeye alikuwa ameisha kufika Mugogo, njia ya Mwenga, nasikia kelele ya soko nyuma yake, na mbuzi mumoja analia karibu na simu.

"Willy, ile flashi usimupatie Fabiola. Unirudishie."

"Papa Adalbert, mimi nimetumwa na Maman Emmanuella. Yeye aniambie mwenyewe. Kesho useme Willy alipoteza mali ya biro?"

"Willy, nakuomba!"

"Aniambie yeye. Na aharakishe, niko natoka, kule mbele simu haishiki."

Alikuwa na haki. Na mimi nilikuwa na njia moja tu, ya mulango wa chef. Ningeweza kusema "nimeona kasoro sasa hivi" na uongo ungepita safi. Nilifika mulangoni na uongo huo tayari mudomoni. Lakini akiuliza kasoro ilitoka wapi, ningesema Cédric. Ningemutia yule kijana wa watu kwenye mashaka, yeye ambaye kila Jumatatu ananiambia ukweli. Nilishindwa.

"Maman, umupigie Willy sasa hivi arudi na flashi. Paketi ni mbaya, inaweza kuua mutoto. Piga kwanza, maneno baadaye."

Hakuuliza. Alipiga. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Mara ya tatu Willy akajibu, sauti inakatika-katika, na Maman Emmanuella akamuambia maneno machache: usimupatie mutu, geuza gari. Aliweka simu kwenye meza, akaniangalia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati niliandika skripti. Kuna swali moja sikutia. Niliacha kusudi."

"Juu ya nini, papa?"

"Niliogopa mutanifukuza."

Nje pikipiki zilikuwa zinapanda barabara. Akafungua kartabu, mufuko wake wa kazi, akatoa karatasi, akaisukuma mbele yangu. Ilikuwa kontra. Jina langu juu, miaka mitatu, kazi: kutembelea vituo vyote vya Mwenga na Shabunda, kufundisha wauguzi programu. Haikuwa na saini bado.

"Skripti ilikuwa ya kukutoa kwenye kile kiti, si kwenye kazi," alisema. "Ningekuambia mbele, nakubali. Nilitaka kwanza wakubwa waitike. Lakini wewe, Papa Adalbert... Watoto?"

Nilitamani anipigie kelele. Kelele ningeijibu, mimi najua kujibu kelele. Kwa sauti ile ndogo nilikosa pa kuweka macho.

Akaniamuru kutengeneza skripti pale pale, mbele yake. Nikamupigia Cédric. Nikamueleza yote, akasema "Eh! Papa!" mara tatu, halafu tukapatana: paketi ikiiva, atatia pembeni yake faili moja ndogo yenye jina "imeiva". Bila faili hiyo, skripti haigusi kitu, hata kama paketi ni mpya namna gani. Tulijaribu na ya juu, ikaikataa. Tukajaribu na ya tatu, ikaichukua. Yote pamoja dakika kumi na tano. Ingenigharimu dakika zilezile wiki yenye ilipita.

"Kontra sitasaini leo," Maman Emmanuella akasema. "Siku ya ine, Alhamisi, Willy atarudi njiani na wewe, utapeleka flashi mwenyewe. Utamueleza Fabiola kila kitu, kwa mudomo wako. Yeye ndiye ataniambia kama anakutaka."

Barabara ya Mwenga siielezi, wenye kuijua wanaijua. Siku ya tano asubui nilikuwa mbele ya Fabiola. Kwenye mabenchi mama walikuwa wamejaa na watoto wenye homa. Nilimueleza tukiwa wima, kwenye mulango wa chumba cha kupimia, bila kujitetea. Alisikiliza mupaka mwisho, kadi ya mutoto mukononi.

"Willy angefika Jumatatu," akasema, "ningeitia Jumatatu."

"Ndiyo."

"Siku ya pili nilipima watoto kumi na wanane."

Niligeukia mabenchi. Machozi yalinitoka pale mbele ya wale mama, muzee kama mimi, na sikuyapangusa.

Fabiola akachukua flashi, akaitia kwenye mashini. Aliita mutoto wa kwanza, kilo sita na nusu. Programu ikatoa jibu, na lilikuwa jibu la haki, niliona kutoka pale niliposimama. Yeye hakumupatia mama dawa. Alifungua kabati, akatoa karatasi moja ya zamani ya mahesabu ya dawa yenye ilikuwa imekunjwa nne, akaipangusa vumbi, akafuata mustari kwa kidole. Ilipatana. Akafuata tena. Ndipo akatoa dawa.

"Nitamuandikia Maman Emmanuella akutume tena," akasema bila kuniangalia. "Hapa wenzangu wawili hawajui bado kutumia mashini, na mwingine wa kutufundisha sina. Lakini sitakuamini tena kama zamani, Papa Adalbert. Ujue."

"Najua."

Akanionyesha kiti mbele ya mashini. Mama wa pili akaingia, mutoto mugongoni, kilo tisa. Niliandika kilo, nikasoma jibu kwa sauti. Fabiola akachukua ile karatasi, akahesabu nyuma yangu.