Ukuta wa Gereji ya Sulo

Sulo Rautio hakuwa na mke, hakuwa na mbwa tangu Machi, hakuwa na goti la kushoto la kutegemea, na hakuwa na ulimi wa kuomba. Nguvu alikuwa nazo kiasi, na jeki mbili.

Boriti ya chini ya gereji yake, ile inayolala juu ya msingi na kubeba ukuta mzima, ilikuwa imeoza. Bisibisi ilizama kama kwenye mkate uliolowa. Binti yake Marlys, anayeishi Arizona, alimwambia kwa simu kwamba akija Novemba kwa Sikukuu ya Shukrani akaukuta ukuta umeinama bado, nyumba itauzwa na baba atahamia kwake.

Huku kwetu kaskazini mwa Michigan, sisi wa asili ya Kifini hatuombani kazi. Mtu husema tu, watu wakinywa kahawa baada ya ibada, kwamba Jumamosi anainua ukuta. Jumamosi wanaume huja na nyundo zao. Sulo mwenyewe aliezeka nusu ya mapaa ya barabara yetu hivyo hivyo, bila kuombwa hata mara moja. Basi Jumapili akasema. Wakamjibu kwamba hali ya hewa itakuwa nzuri.

Siku ilipofika alichemsha birika kubwa, akakata mkate wa iliki, akapanga vikombe vyote alivyokuwa navyo juu ya meza ya useremala. Magari yalipita. Madereva walimpungia mkono.

Kahawa ilipopoa alianza peke yake. Alipigilia ubao mnene kukatisha nguzo za ukuta, akaweka jeki zote mbili chini yake, akazizungusha huku kidogo na kule kidogo mpaka ukuta ukaachana na boriti. Akakata misumari, akang'oa uozo vipande vipande. Jeki moja iliteleza, ukuta ukashuka kwa kishindo karibu na vidole vyake. Alikaa chini kidogo. Kisha akainua upya, akasukumia ndani boriti mpya iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza, akaushusha ukuta juu yake.

Alasiri akapita jirani yake Craig Niemi, ambaye Sulo aliezeka paa lake enzi za baba yake.

"Mzee Sulo, umeinua peke yako? Wewe chuma. Mimi nikiinua kiti tu, mgongo unanilaani."

"Nilisema kanisani."

"Nilikusikia. Nikajua una watu." Craig aliviona vikombe. "Si ungeniomba tu, mzee? Ningekuja."

"Baba yako hakuwahi kuombwa."

"Baba alikuwa baba. Mimi ningejuaje?"

Sulo alimkaribisha kahawa. Craig akasema ana haraka, akachukua kipande cha mkate, akaondoka akiisifu kazi.

Kabla ya giza Sulo aliweka pima maji ukutani, kiputo kikatulia katikati. Marlys asingekuwa na neno. Akavisuuza vikombe, visafi vile vile maana hakuna aliyevinywea, akavirudisha kabatini.

Simu hakuigusa, maana sauti ingemsaliti. Akamwandikia bintiye kwamba gereji imenyooka na mnunuzi hatapata kisingizio cha kushusha bei. Atafute mtu wa kuiuza nyumba, yeye yuko tayari kuhamia kwake. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa ngumi, akashuka hadi kwenye sanduku la barua kando ya barabara. Akaitumbukiza, akainua kibendera chekundu cha sanduku ili mtu wa posta asiipite.