Mgeni wa Chumba cha Uani

"Wewe Kudra, ni mke wa mtu au ni mjane?" Swali hilo niliulizwa kisimani, niliulizwa sokoni, niliulizwa hata na wanawake niliokuwa nikiwakanda migongo, na kwa miezi minane sikuwa na jibu la kweli la kuwapa.

Mume wangu, Fakihi, aliondoka Kilwa Kivinje siku chache baada ya habari za maji kushuka kutoka milima ya Umatumbi. Ilisemwa kwamba mtu aliyekunywa maji yale, yaliyotiwa mbarika na mtama, na kunyunyiziwa mwilini, risasi za Wadachi zingemwangukia kama matone ya mvua. Fakihi alikuwa mchukuzi wa boriti pale pwani, na mwaka uliotangulia alikuwa amelimishwa pamba ya serikali kwa kiboko. Hakuniaga kwa maneno mengi. "Nitarudi kabla ya vuli," alisema. Vuli ilikuja ikapita, na sasa masika yalikuwa yametufungia ndani.

Nyumbani kwetu jibu la kuwapa watu lilikuwa moja: Fakihi yuko Unguja, amepata kazi. Shemeji yangu, Ahmadi, ndiye aliyelitunga, kwa sababu akida alikuwa akiandika majina ya waliokwenda milimani, na nyumba zao zilichomwa moto. Mavyaa wangu, Bi Mwahija, mama yake Fakihi, alifanya zaidi ya kulisema jibu hilo, aliliamini. Kila jioni alimpakulia mwanawe sahani, akaifunika kwa kawa, akaiweka karibu na mlango. Mimi sikukaa eda, maana eda ya nani, na mume yuko Unguja? Wala sikuweza kujipamba kama mke anayemngoja mumewe. Nilikuwa mtu asiye na mahali.

Kazi yangu ilikuwa kukanda. Bibi yangu mzaa mama alinifundisha, na pamoja na kazi alinifundisha masharti yake. Anayekandwa hulala chini ya shuka, nawe hufanya kazi chini ya shuka, kwa mikono, bila kutazama. Utaanza nyayoni na kupanda. Hutasema neno juu ya ulichokikuta mpaka mwenye mwili akuulize, "Umekuta nini?" Akikuuliza, utasema kweli. "Ukimficha," bibi alikuwa akiniambia, "alichonacho kitabaki mikononi mwako." Nilidhani ni maneno ya kumtisha mtoto ili ajifunze vizuri.

Alasiri moja Maftaha alikuja kuniita, amejifunika ungo kichwani kujikinga na mvua. Maftaha alikuwa na nyumba ya wageni karibu na soko. Zamani za misafara ya nta na mpira watu walilala humo mpaka ukumbini, lakini tangu vita vianze ilikuwa tupu.

"Nimepata mgeni," aliniambia kabla hata hajavua ungo. "Mwanamke, mtu mzima, amekuja jana kutoka bara. Yuko chumba cha uani. Anataka mkandaji amfuate humo humo chumbani, hatoki."

"Ametoka bara na mvua hii?"

"Na hilo ndilo linalonikosesha usingizi, shoga yangu. Mvua ina siku saba haijakatika. Mimi kutoka kwangu mpaka hapa tu unaniona, kuku aliyetumbukia mtungini. Yeye ameingia nguo kavu, na miguuni ana vumbi. Vumbi, Kudra! Amelitoa wapi?"

"Labda alipumzika mahali."

"Labda. Na chakula hali. Wali naupeleka, wali naurudisha, nami siwezi kumwaga neema ya Mungu, basi naula mwenyewe. Akikaa wiki nitashindwa kupita mlangoni." Alicheka, kisha akaacha kucheka ghafla. "Twende, usiniache nirudi peke yangu."

Nilichukua kibuyu changu cha mafuta ya nazi yaliyopikwa na karafuu na mrehani, nikamfuata.

Chumba cha uani kilikuwa na dirisha moja dogo, nalo lilikuwa limezibwa kwa mkeka ili mvua isiingie. Mgeni alikuwa amekwisha lala kifudifudi juu ya kitanda cha kamba, shuka imemfunika mpaka kisogoni. Nilichokiona ni nywele fupi zenye mvi na mkono mmoja mwembamba wa mtu aliyekaa na njaa kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anza."

Maftaha aliufunga mlango nyuma yangu. Nikamimina mafuta kiganjani, nikayapasha moto kwa kuyasugua, nikaingiza mikono chini ya shuka.

Nyayo zake zilikuwa baridi. Hilo halikunishangaza, nyayo za wasafiri ni baridi. Kilichonishangaza ni kwamba mafuta hayakuingia. Yalielea juu ya ngozi kama yanavyoelea juu ya maji sufuriani, na kila nilipobonyeza, maji yalichuruzika chini ya vidole vyangu. Halikuwa jasho. Yalikuwa na harufu ya mbarika na mtama mbichi.

Nilipanda hadi kifundo cha mguu wa kushoto. Kilikuwa kimevimba upande wa nje, uvimbe mgumu wa zamani, na mshipa uliokaa juu yake uliruka mara mbili chini ya kidole gumba changu. Fakihi alikuwa na kifundo kama hicho. Alikitegua akiwa kijana, akiwa na boriti begani. Nilijiambia kwamba vifundo vya watu hufanana, nikaendelea.

Nikafika kwenye mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega. Ule wa kulia ulikuwa umevunjika na kuunga vibaya, na mahali ulipounga palikuwa na nundu ndogo iliyopinda kama kokwa ya ukwaju. Mume wangu alianguka mnazi kule Mchinga, mwaka mmoja kabla hajanioa. Nundu ile nilikuwa nimeipaka mafuta kila Ijumaa kwa miaka sita.

Sikuweza kuizuia mikono yangu isiendelee. Iliijua njia. Ilishuka yenyewe mpaka chini ya bapa la bega la kushoto, pale ambapo Fakihi alikuwa na kinundu cha msuli, kikubwa kama popoo ya tambuu, kilichokuwa kikikwepa vidole na kutulia pale tu alipotoa pumzi. Kila nilipokishika alikuwa akicheka, si kwa mdomo, bali kwa pua, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa akiiba sukari.

Kinundu kilikuwapo. Kikakwepa. Nikakishika.

Mgeni alitoa pumzi, akacheka kwa pua.

Kicheko kilikuwa cha Fakihi. Mvua ilipiga makuti juu yetu na mimi nikakaa nimeganda, mikono ingali chini ya shuka. Kisha vidole vyangu vikateleza upande, kuelekea ubavuni, vikakuta kitu nisichokijua. Kilikuwa tundu. Lilikuwa dogo, ncha ya kidole changu ilitosha kulijaza, na halikuwa na ukingo wa kovu wala joto la jeraha. Ndani yake maji yalikuwa yakitoka taratibu, baridi, bila kukoma.

"Umekuta nini?" mgeni aliuliza.

Nilimjua niliyemkuta. Nilijua pia kwamba nikifungua kinywa na kulitaja jina lile, hapatakuwa tena na Unguja, wala sahani karibu na mlango.

"Uchovu wa safari," nilisema. "Uchovu tu, mama."

"Haya," alisema, bila hasira. "Utarudi kesho, mwanangu."

Nilitoka mbio, nikamwacha Maftaha ananiita ukumbini.

Nyumbani nilijifuta mikono kwa kanga, ikalowa. Nilichukua ya pili, nayo ikalowa. Maji yalikuwa yakitoka viganjani mwangu. Nilipokanda unga, haukushikana, ulibaki uji. Nilipokwenda kuchochea moto, kuni niliyoishika ilifuka moshi na kuzimika.

Ahmadi alikuwa ameketi kizingitini, akisuka kamba. "Shemeji, leo umemkanda nani, chura?"

Bi Mwahija alikuwa akipakua. Nilimpelekea kawa, naye alipoipokea akanishika mkono, akauinua mpaka puani. Alinusa muda mrefu.

"Unanuka mbarika," alisema.

"Ni mafuta ya mgeni, mama."

Alinitazama, kisha akaufunika wali wa mwanawe. Kuna mambo ambayo wanawake wawili wanaoishi nyumba moja huyajua pamoja na kuyanyamazia pamoja, na usiku ule tulinyamaza. Lakini asubuhi mkeka wangu ulikuwa umelowa pande zote mbili, pale mikono yangu ilipokuwa imelala, na ngozi ya viganja ilikuwa imekunjamana na kuwa nyeupe kama ya maiti iliyooshwa. Hapo nikayakumbuka maneno ya bibi, na nikayaelewa.

Nilirudi kwa Maftaha kabla ya adhuhuri. Mgeni alikuwa amelala vilevile, kana kwamba hakugeuka tangu jana. Safari hii sikufungua kibuyu. Niliketi sakafuni karibu na kichwa chake.

"Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni mtu tu. Nimezaliwa Kipatimu, huko milimani Umatumbi, nimeolewa Kipatimu, nimelima mtama huko mpaka ulipochomwa." Sauti yake ilikuwa nyembamba na yenye kuchoka. "Wadachi walipokuja kupigana mara ya mwisho, wanaume wetu walikuwa wamekwisha. Tulibaki wanawake watatu. Tuliwaokota waliokufa mashambani, tukawazika. Wenzangu wawili njaa imewachukua, basi nimebaki mimi mwenye kujua makaburi yaliko. Lakini wengi wao hawakuwa wa kwetu, mwanangu. Walikuwa wa pwani. Sikuwajua majina. Niliwatia ardhini kama mtu anayefukia mihogo, bila kuwaita."

"Ukafanyaje?"

"Sikufanya kitu. Wao ndio waliofanya. Kila niliyembeba, mahali alipokuwa akiumia maisha yake yote pakabaki kwangu. Huyu goti, huyu kiuno, huyu bega. Wako kumi na mmoja. Nikajiuliza, nani ayajuaye maumivu ya mtu kuliko mke wake, mama yake, na mkono uliomkanda? Ndiyo maana kila mji ninaofika natafuta chumba, naita mkandaji. Kule Tingi mkandaji mmoja alimtambua kaka yake kwa goti. Alilia, akamtaja, na goti langu likapona hapohapo. Kutoka hapa nakwenda Mchinga."

"Na yule asiyetajwa?"

"Nitatembea naye. Sina mahali pengine pa kumweka." Alivuta pumzi kwa shida, na nikauona msuli ule ukiinua shuka, pale chini ya bega. "Sikulaumu. Jana nilijua umemjua. Na wewe una haki ya kutomtaka akiwa hivi."

Kama angenilazimisha, pengine ningekataa tena. Lakini niliuona ule mkono mwembamba ukining'inia kitandani, nikafikiri juu ya mwanamke mzee, asiyetujua, anayepanda na kushuka milima katika masika, amembeba mume wangu mgongoni kwa sababu mimi naogopa kumpokea. Niliona aibu kubwa kuliko hofu.

Niliingiza mikono chini ya shuka. Nilianza nyayoni, kama sharti linavyotaka, na safari hii sikukimbia mahali popote. Nilikishika kifundo, nikaishika nundu ya mtulinga, nikakishika kinundu mpaka kikatulia. Mwisho nikaweka kiganja changu chote juu ya lile tundu la ubavuni.

"Umekuta nini?" mgeni aliuliza.

"Nimemkuta Fakihi, mume wangu," nilisema. "Mchukuzi wa boriti wa Kivinje. Amekufa kwa risasi."

Maji yalisita. Chini ya kiganja changu ngozi ilifunga, ikawa nzima, ikaanza kupata joto pole pole kama jiko linalowashwa. Nilipapasa mtulinga wake, ulikuwa umenyooka. Mgongo niliokuwa nao mikononi ulikuwa mgongo wa mwanamke mzee wa Umatumbi, nisiyemjua kabisa.

"Yuko chini ya mkwaju wenye matawi mawili, juu ya mto, upande wa machweo," alisema. "Nimempangia mawe manne. Sasa niitie yule mwenye nyumba, aniletee wali. Nina njaa."

Mikono yangu ilikuwa mikavu nilipofika nyumbani. Bi Mwahija alikuwa ukumbini akichambua mchele, na Ahmadi alikuwa na majirani wawili waliojikinga mvua barazani. Nilisimama mbele yao nikaanza kuvua bangili, moja baada ya nyingine, nikaziweka juu ya mkeka.

Ahmadi aliinuka upesi. "Shemeji, unafanya nini mbele za watu? Nani amekuletea habari? Shahidi wako nani?"

"Mikono yangu."

"Mikono! Akida atatuuliza, eda ya mtu aliyeko Unguja ni eda gani? Atatuchoma sote."

Bi Mwahija hakumsikiliza. Mchele ulikuwa umemwagika mapajani mwake. "Kile kinundu cha begani," alisema, kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake, "kilikuwapo?"

"Kilikuwapo, mama. Alicheka."

Alifunika uso kwa ukaya wake. Niligeuka ili wote wanisikie, Ahmadi na majirani pia.

"Fakihi amekufa, na mimi ni mjane wake. Eda yangu naianza leo, miezi minne na siku kumi, nami nitaikaa peke yangu katika nyumba aliyoniachia bibi yangu, ili akida akija na moto aje kwangu asije kwenu. Tangu leo atakayeuliza aliko mume wangu, msimwambie Unguja. Mwambieni amezikwa Kipatimu, na kwamba mkewe ndiye aliyesema."