Jaza Stoo, Wifi

Mwanamke mwenye duka la mashine za gemu aliitwa Shangazi na mtaa mzima, ingawa shangazi wa kweli alikuwa wa watoto wawili tu wa kaka yake. Kwa miaka aliuza mashine moja, ile nyeusi, na ilimtosha. Mke wa kaka yake alipokosa kazi, alimwingiza dukani akamfundisha kila kitu: namna ya kumkalisha baba aliyekuja kutazama tu, kumshikisha mwanawe pedi ya kuchezea, kumwacha acheze mpaka anogewe, kisha kuzima skrini taratibu na kuuliza, "Niwafungie?"

Halafu mama yake akaugua. Shangazi alihamia hospitalini, funguo akamwachia wifi. Wakati Shangazi akimgeuza mama kitandani na kumlisha kwa kijiko, wifi alikwenda kwa wakala wa mashine nyeusi akasema Shangazi amechoka na dunia, anafunga duka. Wakala akamhamishia yeye mzigo wote. Shangazi alitoka mazishini akakuta rafu zake tupu, na ng'ambo ya barabara duka jipya linawaka taa. Alimwendea kaka yake. Kaka alijikuna shingo, akasema biashara ni biashara.

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuna anayetarajia kiwe kimevaa nguo ulizokinunulia mwenyewe.

Akaanza kuuza mashine nyeupe, ambayo wateja waliiona kama friji ndogo. Walipita mlangoni kwake wakivuka kwenda upande wa pili. Fundi simu wa jirani alimtania kwamba wifi amekata mtandao. Shangazi alicheka naye, kisha akarudi kukaa nyuma ya kaunta, akitazama maboksi meusi yakitoka kwa wifi yake mikononi mwa watoto wenye furaha. Kumpita wifi kwa mauzo hakukumtosha. Alitaka kuliona lile duka likifungwa.

Likizo ilipokaribia, wakala wa mashine nyeupe alimnong'oneza habari: gemu ya mpira iliyopendwa kuliko zote, toleo jipya, itachezeka kwenye mashine nyeupe peke yake. Alimsihi asimwambie mtu hadi itangazwe. Hakuhitaji kusihiwa.

Siku chache baadaye wifi alivuka barabara, mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa amesikia fununu kwamba mashine nyeupe inapanda huko nje, na mtu mwingine wa kumuuliza hakuwa naye.

"Wifi, wewe ndiye umeizeekea kazi hii," alisema. "Nijaze stoo au nisubiri?"

Shangazi alimvutia kiti. Alimtazama vizuri, bila haraka.

"Likizo iliyopita uliishiwa mzigo, watu wakarudi mikono mitupu," alisema. "Jaza stoo, wifi."

Wifi alimshukuru. Akakopa, akajaza mpaka korido ya nyumbani.

Tangazo lilipotoka, foleni ya Shangazi ilipinda kona. Waliokuwa na mashine nyeusi walikuja kuuliza kama anabadilishana. Akawajibu kwa adabu kwamba habadilishani. Ng'ambo, wifi alishusha bei, akashusha tena, akatoa pedi ya bure. Mashine nyeusi zilibaki zimepangwa kama matofali ya nyumba isiyoisha. Msimu ulipokwisha, wadai walikuja na gari kuzibeba.

Kaka alikuja jioni hiyo, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na watoto wangu, dada? Hukuwafikiria?"

"Mimi nilikuwa namshika mama yetu mkono, nyinyi mnahamisha mzigo wa rafu zangu. Siku ile wewe ulimfikiria nani?"

Kaka alishuka ngazi polepole, na tangu hapo hakumpigia simu tena, wala watoto hawakuletwa kumsalimia.

Mwaka uliofuata wakala wa mashine nyeusi alirudi mwenyewe, kofia mkononi. Shangazi alimwacha asubiri asubuhi nzima kabla ya kumkubalia. Akakodi lile duka la ng'ambo, akauza nyeusi huku na nyeupe kule. Kaka na mkewe walikuwa wamehamia mbali, wifi akiuza makava ya simu kituoni.

Fundi simu, aliyewapenda wote, alimuuliza siku moja kama hana hata chembe ya majuto. Shangazi alifikiri kwa kweli, akiwa ameshika kitambaa cha kufutia skrini.

"Moja," alisema. "Sikuuona uso wake alipolisikia lile tangazo."