Chenga za Bi Hamisa

Mimi Kabula sina subira, na ukoo mzima unalijua hilo. Lakini miezi minne nilisubiri kaka yangu Silas atamani kitu, chochote. Tangu mashine imchukue vidole vitatu vya mkono wa kulia huko kiwandani Zegereni, alikuwa halali, hacheki, na ule mkono anauficha chini ya shuka hata kwangu mimi niliyezaliwa naye. Mchana mmoja akasema, "Kabu, natamani kupiga bata."

Sikuuliza mara mbili. Niliinama uvunguni nikautoa mchezo wetu wa TV wa utotoni: kimashine cha kijivu, kanda yake ya njano na bunduki ya plastiki. Nikauchomeka kwenye TV yetu bapa. Bata wakaruka kiooni. Silas akafyatua kwa mkono wa kushoto, akakosa. Akasogea mpaka mdomo wa bunduki ukagusa kioo, akakosa tena.

"Hata bata wamenikataa," akasema, akarudi kitandani kuangalia dari.

Nikakasirika. Nikaubeba mchezo mpaka kwa Kondo, fundi wa TV, hapohapo kwetu Kongowe, nikamfokea kana kwamba bata ni wake. Akacheka.

"Dada, hiyo bunduki haipigi, inaona. Inataka TV ya chogo, ile nene ya zamani, inayochora mwanga mstari kwa mstari. Hizi bapa zinachelewa. Bunduki ikiangalia, bata hajafika."

Alikuwa na chogo mbili, tukazijaribu. Ya kwanza ilikuwa imechoka, picha imefifia kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu, na bunduki haikuona kitu. Ya pili ilikuwa kubwa na ya gharama, ila ilijifanya kuirekebisha picha kwanza, nayo ikachelewa.

"Unataka inchi kumi na nne, ya zamani, isiyojua ujanja," akasema Kondo. "Iliyobaki nzima ni ya Bi Hamisa, Vihingo, kule Kisarawe. Namtengenezea kila mwaka. Lakini hatakuuzia."

Kesho yake nilifika Vihingo baada ya adhuhuri, kimashine na bunduki vikiwa kikapuni. Jua lilikuwa kali, mashamba yamenyamaza. Mlango wa Bi Hamisa ulikuwa wazi, na kutoka ndani ilisikika mvua.

Nikapiga hodi mara tatu, kisha nikachungulia. Bibi alikuwa amelala mkekani. Mbele yake TV ndogo yenye chogo ilionesha chenga tupu, bila picha, na mwanga wake wa rangi ya maziwa ulitetemeka usoni mwake. Sauti ya zile chenga ndiyo ilikuwa mvua. Nikakaa kizingitini nimngoje, na mimi nisiye na subira nikasinzia. Nikaota niko mdogo, Silas ananishika bega, ananionesha pa kulenga.

Bibi ndiye aliyeniamsha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwizi gani wewe, unakuja kuiba unalala?"

Nikamweleza yote. Akaniruhusu kujaribu. Nikalenga, nikafyatua, bata akaanguka. Nilipokigusa kioo, vinyweleo vya mkono vikasimama, vilevile kama zamani, nikajikuta nalia.

"Pole, mwanangu. Ila siuzi," akasema taratibu. "Marehemu mume wangu, Abdulkadiri, alikuwa akilala mbele ya TV hii. Walipoizima mitambo ya zamani ya matangazo zikabaki chenga, naye akalala na chenga. Mwaka wa tatu sasa hayupo. Bila sauti hii, mie usingizi siuoni."

Nilipaswa kuaga. Badala yake nikaropoka, "Wazaramo nyie, kwa kulala!"

Akanikazia macho. "Kabila gani wewe?"

"Msukuma."

Akapiga makofi. "Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana umeingia nyumba ya watu kama ng'ombe aliyekata kamba." Tukacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaipapasa TV kichwani. "Kuuza siuzi. Ila mtani hanunui. Mtani anachukua, na mwenye mali hanuni. Chukua. Lakini ujue, na mie nitakuja kuchukua."

Utani ule wa makabila nilikuwa nimeuona misibani, watani wakiwachekesha wafiwa na kujichukulia kuku. Sikujua kama una uzito kiasi hiki. Nikaifunga TV kwa kanga, nikaibeba. Sikugeuka nyuma, maana ningegeuka ningeirudisha.

Kesho yake mchana Silas alikosa bata kumi kwa mkono wa kushoto. Wa kumi na moja akaanguka, na kaka yangu akacheka. Alipochoka akazima kimashine, chenga zikajaa kioo, na kabla sijafika kuzizima akawa amelala. Alilala mpaka jua likaelekea kuzama. Nilifurahi, na nikaona aibu, kwa sababu ndipo nilipojua nimechukua nini.

Siku nne mfululizo Silas alilala mchana, na siku zote nne nilimwaza bibi aliye macho Vihingo. Siku ya tano ikapigwa hodi. Alikuwa Bi Hamisa, mkeka kwapani, ameelekezwa na Kondo.

"Ichukue TV yako, bibi," nikasema. "Ni haki yako."

"TV? Niibebe kwa mgongo upi?" Akanipita, akaingia chumbani kwa Silas, akatandika mkeka sakafuni kando ya kitanda. "Nimekuja kuchukua usingizi wangu. Nitakaa mpaka nitosheke. Na Wasukuma mnipikie."

Silas alikuwa ameshika bunduki kwa mkono wa kushoto. Akamtazama bibi akijilaza, akamsikiliza akishusha pumzi. Kisha akautoa mkono wa kulia chini ya shuka, akanyoosha vidole viwili vilivyobaki, akazima kimashine.

Mvua ikaanza chumbani. Bibi akalala kwanza, kisha Silas. Nikashusha pazia jua lisiwaamshe. Ule mkono ulibaki juu ya shuka, wazi, na hakuurudisha.