Ubao wa Inchi Thelathini

"Vuta taratibu, mke wangu. Wewe huko juu unapigwa na upepo, mimi huku nakula vumbi la mbao."

"Si ufunge mdomo," Jerusha alimjibu, akavuta.

Alikuwa amesimama juu ya gogo la msonobari, macho kwenye mstari wa mkaa. Mumewe, Enos Colby, alikuwa shimoni chini yake, ameshika mpini wa pili wa msumeno. Mkutano wa mji uliwaagiza wapasue meza ya ubao mmoja usio na kiungo. Jumatatu watu wangechagulia hapo kamati yao wenyewe, bila ruhusa ya gavana. Lakini gogo lilikuwa na alama ya mshale ubavuni. Ulikuwa mti wa Mfalme wa Uingereza, wa milingoti ya meli zake.

Bwana Gage, naibu wa mkaguzi wa misitu ya Mfalme, alishuka kwenye farasi, akapima upana wa gogo kwa fimbo.

"Thelathini. Mama Colby, unajua mwisho wa ubao wa raia ni inchi ishirini na tatu."

"Najua."

"Basi pasua katikati, zitoke mbao mbili. Mimi nitakuwa sijaona kitu. La sivyo, kesho asubuhi naja na watu wa sherifu, tunachukua msumeno na shimo tunalifukia."

Msumeno ule ndio uliowalisha. Jerusha aliutazama mstari wa mkaa. Baba yake, aliyemfundisha kazi, alipasua ishirini na tatu maisha yake yote. Sakafu zote za New Hampshire zilikuwa za ishirini na tatu, hata watu wakaona ndiyo kawaida ya mbao.

"Baba tulimzika kwenye jeneza la kuunga, Bwana Gage, kama suruali yenye kiraka. Na misonobari mipana imetuzunguka pande zote. Andika jina langu kwenye mashtaka yako."

"Nitaandika la mumeo. Kisheria msumeno ni wake."

 Kule shimoni Enos akapiga chafya.

"Andika yote mawili, bwana, na usikosee herufi. Jerusha, unangoja nini? Vuta!"

Gage aliandika, akaondoka. Walipasua mpaka jua likazama nyuma ya kilima, zikabaki futi nne. Enos alipanda kutoka shimoni, nyusi nyeupe kwa vumbi.

"Tuufiche msumeno?"

"Tukiuficha, tutamalizia na nini? Tunaanza alfajiri; wakija watatukuta kazini."

Jerusha aligongea kabari kwenye mpasuo usijifunge, akauacha msumeno palepale, meno ndani ya mti, akaenda kunawa mikono.