Autan na Nzi wa Maylis

Maabara yetu ya Toulouse ina mwiko mmoja: upepo wa autan ukivuma, nzi hawajaribiwi. Siku za kawaida unampaka dume mmoja unga wa kijani, mwingine wa waridi, unamwacha jike achungulie jike mwenzake akipandwa na wa kijani. Ikifika zamu yake, naye anamtaka wa kijani. Umbea mtupu, ndiyo maana naipenda kazi hii. Lakini autan ikija jike hajali tena mwenzake kampenda nani, anamkubali yeyote.

Ijumaa hiyo autan ilitikisa madirisha tangu asubuhi. Guilhem, aliyekuwa akiinyemelea sura ya mwisho ya tasnifu ya Maylis, mtafiti mwenzetu, alingoja mpaka bosi wetu, Madamu Bordenave, alipoingia na wageni.

"Maylis, hebu waonyeshe hao nzi wako wanaoiga."

"Kuna autan, na unajua."

"Leo upepo! Kesho watakuwa na mafua?"

Chumba kizima kikacheka. Madamu hakucheka.

"Wageni wanaondoka mchana, binti. Onyesha. Ukishindwa, sura hiyo ataimaliza Guilhem."

"Madamu, mwiko tuliuweka wote."

"Tuliwawekea nzi, si wageni."

Maylis akawapaka madume unga, midomo kaibana. Watu wa ghorofa ya juu nao wakashuka. Habari hapa haihitaji ngazi. Tukavizunguka vichupa vya kioo vyenye nzi, tukipumuliana shingoni. Majike wakatazama, wakaachiwa wachague, wakagawanyika: nusu kwa wa kijani, nusu kwa wa waridi.

"Hawa hawaigi," Guilhem akasema. "Hawa wanapiga kura."

Madamu akamgeukia. "Basi, Guilhem, sura ni yako." Na wale wale waliokunywa kahawa na Maylis asubuhi wakaanza kumpiga Guilhem mabegani.

"Sasa, mpenzi," Guilhem akamkejeli Maylis, "Jumatatu nianze na chupa zipi?"

Maylis akabeba trei yenye chupa zake zote za nzi, kizazi alichokilea mwenyewe, ambacho hakuna mwingine anacho. Akaisukuma ndani ya jokofu la kugandisha, akafunga, akaegemea mlango.

"Anza na hizo."

"Una wazimu wewe!" Guilhem akafoka. "Sura itafia humo! Hata wewe hutaipata!"

"Najua."

"Toka hapo!"

"Niguse uone."

Hakuna aliyemgusa. Madamu aliwasindikiza wageni nje bila kuaga mtu. Nzi hawachelewi kuganda. Maylis alipojitoa mlangoni mwenyewe, Guilhem hakulifungua jokofu. Alimrushia Maylis koti lake miguuni, naye Maylis akaliokota, akalivaa, akatoka kwenye upepo.